Fundi Polepole na Plagi ya Tatu

Ndugu, jamaa na majirani mliofika kumsindikiza: marehemu baba yetu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1957, kifungua mimba wa mwashi na mshonaji. Mdogo wake alizaliwa miaka mitatu baadaye, na bibi yetu akamwekea mapajani akisema, "Huyu ni wako, umwangalie." Alimwangalia maisha yake yote.

Alisoma shule ya msingi, kisha chuo cha ufundi, akahitimu Novemba 1976. Mdogo wake alimfuata huko, akaacha kabla ya mtihani. Aliona mambo yanachelewa.

Mwaka 1983 alifungua gereji, ndugu wawili chini ya bati moja. Wateja walimwita Fundi Polepole. Ukimletea gari abadilishe plagi, kwanza alifungua boneti, kisha akakuvutia kiti. "Injini ya moto haiguswi," alisema. "Ipoe kwanza." Plagi mpya aliianzisha kwa vidole; spana ilikuja mwishoni. Mwalimu mmoja aliwahi kumuuliza, "Fundi, nikirudi nitakuta imepoa au imeoza?" Marehemu alicheka mpaka akakaa chini. Wenye haraka walikwenda kwa mdogo wake, na wenye haraka ndio wengi.

Alimwoa mama yetu tarehe 14 Desemba 1985. Mwaka 1998 walinunua pikapu ile iliyoegeshwa getini. Ilikuwa imekwishachoka hata wakati ule, lakini ndiyo iliyotupeleka shule sisi sote.

Kuhusu ugonjwa, kikao cha familia kiliomba tuseme tu, "Aliugua ghafla." Mama amekataa. Tunasoma kama alivyotusimulia.

Moyo ulimsumbua tangu mwaka jana, na daktari alionya kwamba maumivu yakianza asikae nyumbani hata kidogo. Ndiyo maana pikapu ilipoanza kukohoa, marehemu alinunua plagi mpya, akapanga kuzifunga asubuhi. Jioni hiyo mdogo wake aliirudisha kutoka kazini, injini inachemka, akaamua kumsaidia kaka. Plagi ya tatu ikamgomea. Akachomeka bomba kwenye mpini wa spana, akavuta kwa nguvu zote, ikatoka na nyuzi za tundu lake, zile zinazoishika. Ile mpya akaishindilia hivyo hivyo, imekaa upande. Akafunga boneti, akaingia sebuleni, akasema plagi zote tayari, akapewa asante na chai.

Jumapili ya tarehe 2 Machi 2025 maumivu yalianza. Mdogo wake alishika usukani, mama akakaa katikati. Walipofika katikati ya kilima cha kiwanda cha matofali, plagi ilifyatuka kwa kishindo na gari likakosa nguvu. Marehemu, mkono kifuani, aliuliza, "Ya tatu hiyo. Uliifungaje?"

Boneti ilipofunguliwa ndipo mdogo wake aliposema, "Shemeji, niliiharibu mimi."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Angenigombeza."

Angemgombeza! Mtu mzima, babu wa watu, anaogopa kugombezwa! Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa aliyeficha ni mmoja, aliyekufa ni mwingine.

Alifariki saa nne asubuhi kando ya barabara, kabla halijapatikana gari jingine, kichwa chake mapajani mwa mama. Neno lake la mwisho lilikuwa, "Mama watoto, usimseme mdogo wangu mbele za watu." Mama hakuitikia.

Ameacha mdogo wake, mjane, watoto wanne na wajukuu saba. Kamati ilidhani tumekosea mpangilio, ikataka mjane atangulie. Mama akasema, "Acheni hivyo hivyo. Mimi nimeishi naye karibu miaka arobaini, na pumzi ya mwisho alimpa yeye."

Apumzike kwa amani, fundi wetu. Mama hajasamehe, na ameomba isomwe hivyo.