Boriti ya Madhabahuni

Wasikilizaji wapendwa, karibuni nyote, mlioko Busia mjini, Mundika, Amagoro hadi Malaba. Leo tunamkumbuka Mzee Geoffrey Emukule wa Malaba, fundi wa kubomoa nyumba kuukuu. Mzee Emukule ametutoka wiki hii. Ametutoka akiwa na hofu moja moyoni, na hofu hiyo sasa ni yetu.

Kazi yake wengi mnaijua. Nyumba ikibomolewa, yeye ndiye aliyeitwa kuokoa milango, madirisha, mabati na mbao, kisha akawauzia wanaojenga. Watu walimtania, "Mzee wa mitumba ya nyumba!" Naye alikuwa akijibu, "Endeni mnunue mbao mbichi, mwaka ujao milango ikatae kufunga." Alikuwa na mdomo mzee huyo! Lakini nyumba nyingi huku kwetu zina kitu kilichopita mikononi mwake.

Kanuni yake ilikuwa moja. Kila boriti aliigonga kwa nyundo na kuisikiliza, ndipo aipake oili chafu ya gari kuzuia mchwa. Kugonga kwanza, kupaka baadaye. Lakini boriti alizoliuzia kanisa moja kule Amagoro alizikuta zimeshapakwa na mwenye nyumba iliyobomolewa. Zilikuwa nyeusi, zimenyooka, zinapendeza macho. Akaiamini oili ya mtu mwingine. Hakugonga.

Paa la kanisa lilikuwa limeshaezekwa alipopasua kipande cha boriti kilichosalia, apate kuni. Mkewe, Mama Roselida, alikuwa hapo. "Ndani ilikuwa mchanga tu," anasema. "Mchwa walikula wakamaliza, wakaacha ganda. Mzee akakaa chini hivi, kwa udongo. Akaniambia, Roselida, nimeweka watu chini ya hii kitu."

Basi usingizi ukamhama. Wingu likitanda upande wa Tororo, mzee anadandia boda boda mbio mpaka Amagoro, anasimama kutazama paa. Waumini wakiimba ndani, yeye jasho linamtoka nje. Aliwaeleza wazee wa kanisa bila kuficha, akaanza kubadilisha boriti moja baada ya nyingine. Alizibadilisha zote isipokuwa moja. Narudia, isipokuwa moja, iliyo juu ya madhabahu.

Mzee wa kanisa, Omoding, alimsihi asubiri. "Hiyo wacha tumalize harusi kwanza, mzee. Si imesimama tu?"

Emukule akamjibu, "Hata mgonjwa husimama, Omoding."

Harusi haijafika, presha ikamwangusha. Akalazwa hospitali ya Kocholia. Kila aliyekuja kumjulia hali aliulizwa swali lile lile: "Amagoro mvua imenyesha?" Mama Roselida alikuwa akimdanganya kwamba ni jua tupu, na huku anasikia mabati ya wodi yakipigwa na mvua. Kumdanganya kulimuuma sana, lakini angefanyaje?

Alipofariki, wazee wa kanisa walikwenda kwa mama na heshima zao. Walitaka jeneza liwekwe mbele ya madhabahu, kama wanavyowekwa wakubwa. Mama Roselida akakataa katakata.

"Mkimweka hapo, watu wote watajaa hapo," aliwaambia. "Mzee wangu hajawahi kuua mtu akiwa hai. Hawezi kuanza akiwa maiti."

Omoding alikwenda mwenyewe kufunga mlango wa kanisa, akarudi na ufunguo, akauweka mkononi mwa mama.

Kwa Mama Roselida, watoto na ukoo mzima, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Nasi tuliobaki tujiulize: ni kitu gani tumekipaka rangi kikapendeza, na wenzetu wamekaa chini yake?

Mazishi ni Jumamosi hii. Ibada itafanyika uwanjani, nje ya kanisa. Nasema tena, nje ya kanisa. Mvua ikija, wasikilizaji wapendwa, asikimbilie mtu ndani. Tutanyeshewa naye.