Sauti Iliyotoka Kwenye Gitaa la Baba

Sifa zimrudie Bwana, ndugu zangu, na mliokaa karibu na spika msihame. Leo haitasema kitu.

Mimi ni Mama Pendo, mpiga gitaa la solo wa kwaya hii. Jumapili iliyopita mlitangaziwa kwamba leo nitasimama hapa kushuhudia jinsi gitaa langu lilivyotolewa pepo. Nimeandika ushuhuda wangu kwenye karatasi ili hasira isinipoteze njia, na nitausoma wote. Ila sitashuhudia kilichotangazwa. Nitashuhudia kilichotokea.

Gitaa hili aliniachia baba yangu. Wazee mnamkumbuka. Kabla hajaokoka alilipiga kwenye kumbi za dansi hapa Tabora na huko njiani kuelekea Kigoma. Alipookoka akalipiga kwenye kona ile pale, mpaka vidole vikamkatalia. Sikurithi shamba wala ng'ombe, nilirithi hili. Nilipomaliza kidato cha nne na matokeo yakaja kama yalivyokuja, gitaa hili ndilo lililonionyesha kwamba kuna kitu nakiweza.

Nilipojifungua Pendo mliniambia nipumzike, na gitaa likawekwa stoo ya kanisa. Stoo ile mnaijua, bati tupu, haina dari, na kiangazi cha kwetu hakimwonei mtu haya. Kuna mtu alilipandisha juu ya kabati, likalala huko bati likiwa kiganja kimoja tu juu yake. Ni nani? Nimeuliza, kila mmoja anamtazama mwenzake. Lilikaa huko kiangazi chote.

Niliporudi kupiga, likaanza kutoa mluzi. Nikiongeza sauti kidogo tu, spika inapiga ukelele wa kutoboa masikio na watoto wanalia. Mama Debora, kiongozi wetu wa maombezi, akanivuta pembeni. "Mwanangu, chombo kinamkataa mama anayenyonyesha." Nikasubiri. Pendo akaacha ziwa, mluzi ukabaki palepale. Basi maneno yakabadilishwa, ikawa sasa ni mizimu ya dansi ya marehemu baba. Nikaanza kujiuliza kwa nini hii sababu inahama kila ninapoisogelea.

Ndugu zangu, siku ile ya maombezi wote mlikuwepo. Gitaa lililazwa juu ya meza hapa mbele, waya ukiwa bado umechomekwa kwenye amplifaya. Mama Debora akainama mpaka mdomo wake ukakaribia kugusa nyuzi, akapaza sauti: "Wewe ni nani?"

Na spika ikajibu: "...ni nani."

Sitawataja waliokimbia. Nasema tu kwamba nilimwona mzee mmoja mwenye goti bovu akiruka benchi, na goti lile halijawahi kupona kwa maombi yoyote kabla ya hapo.

Mngeishia hapo ningecheka. Lakini Mama Debora alinyooka, akamtazama binti yangu. Pendo ana miaka miwili na bado hasemi. Mama Debora akasema mbele yenu wote, "Mnaona sasa sauti ya mtoto ilikokwenda. Gitaa linasema, mtoto hasemi." Nanyi mkasema amina. Mlisema amina, ndugu zangu, nilikuwa nimesimama hapahapa. Mkakubaliana kwamba Jumapili inayofuata, baada ya ibada, gitaa lichomwe.

Nilirudi nyumbani nikalilaza gitaa kwenye jiko la nje, nikafunga mlango kwa kamba. Mimi, niliyelala chumba kimoja na gitaa hilo tangu nikiwa mtoto. Nikakaa nikimtazama Pendo akila ugali, nikamwogopa. Nilimwogopa mtoto niliyemzaa. Hapo ndipo yule mwovu aliponishika, si kwenye nyuzi. Baba Pendo yuko Usinge kwenye tumbaku. Nikampigia simu, akaniambia, "Waache wachome, mama. Tusigombane na watu wa Mungu." Nikamshuku na yeye, nikadhani ameshaongea nao.

Niliomba, ndugu zangu. Sikuomba maombi mazuri ya kupangwa. Nilisema tu, "Bwana, kama ni pepo nionyeshe, na kama ni watu nionyeshe vilevile."

Nilikuwa naosha vyombo jibu lilipokuja. Ile sauti ilikuwa inanirudia kichwani, "ni nani," na nikaisikia vizuri kwa mara ya kwanza. Ilikuwa inakwaruza. Mwishoni ilikatika kama mtu aliyebanwa kifua. Sasa wiki ile mgonjwa wa mafua nilimjua. Nikaacha sufuria kwenye maji. Pepo gani ana mafua ya Mama Debora?

Nikafungua jiko, nikachomeka waya kwenye kile kiamplifaya changu kidogo, nikainama juu ya nyuzi kama alivyoinama yeye. Nikasema, "Pendo, njoo ule." Spika ikasema, "njoo ule." Ilikuwa sauti yangu mwenyewe, na lafudhi yangu ya Kinyamwezi ikiwa humohumo. Nilicheka mpaka jirani akaniuliza kulikoni.

Niwaeleze msiojua. Chini ya nyuzi za gitaa la umeme kuna vitu viwili tunaviita pikapu. Kila kimoja ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba kuliko unywele. Hiki cha mbele kinatoa sauti nene. Hiki cha nyuma kinakaa karibu na daraja, pale nyuzi zinapopita kabla ya kufungwa, na kinatoa sauti kali ambayo mpiga solo anaihitaji. Uzi ukitetemeka juu ya sumaku, umeme unazaliwa, spika inasikika. Hiyo ni fizikia ya sekondari, na fizikia niliielewa hata kama mtihani haukunielewa mimi. Nikajiuliza: kama spika inasikia mdomo wa mtu, basi kuna kitu kingine kinachotetemeka mbali na nyuzi.

Nikafungua pikapu ya nyuma. Mimi mama yangu ni wa Ipole, nimekua nikichuja nta ya nyuki, kwa hiyo nilichokiona nilikijua kabla sijakigusa. Nta iliyokuwa imezishika zile nyaya ilikuwa imeyeyuka na kutiririka mpaka kwenye mbao, kama mshumaa uliosahauliwa. Nyaya zimelegea, sauti yoyote inazitetemesha, nyingine zimeota kutu ya kijani. Hapakuwa na mzimu wa dansi mle ndani. Palikuwa na kiangazi chote chini ya bati la stoo yenu.

Basi nikaenda kutafuta pikapu nyingine ya kuweka pale kabla ya Jumapili ya moto. Ndugu zangu, bibi yangu alizoea kusema kwamba Tabora ilipokea mizigo ya misafara tangu enzi za pembe za ndovu, na mwenyeji mwenye akili alifungua mzigo mlangoni, hakungoja ufike chumbani. Niliondoka nyumbani na neno hilo, na waya wangu wa gitaa, na ufunguo wa kufuli.

Muuza vyombo vya muziki karibu na stesheni akanitolea moja inayong'aa kama meno ya dhahabu. "Dada yangu, hii ni orijino. Ina nguvu mara mbili ya hiyo yako."

"Nichomeke nisikie."

"Ukishaifungua hairudi, dada."

"Basi na hela yangu haitoki. Mimi sijaja kuoa, nimekuja kununua."

Akacheka, akanipa. Nikashikiza ncha za pikapu kwenye waya wangu, nikachomeka kwenye amplifaya ya dukani, nikaigonga kwa ufunguo. Spika ikalia kama bati linalogongwa kwa nyundo. Nikaisogeza mdomoni nikasema, "Hodi." Spika ikasema, "Hodi." Nikakwaruza pembeni kwa ukucha nikanusa. Kavu. Hawajaitia nta hata tone.

Yule kijana akachangamka. "Umeona nguvu yake? Hiyo inasikia kila kitu, dada."

Nikamwambia, "Sitaki inayosikia kila kitu. Kanisani kwetu hao tunao tayari."

Ningeweza kuinunua nikaitia nta ya mama mwenyewe. Nililifikiria hilo. Lakini haikuwa nta peke yake. Karibu na daraja nyuzi hutetemeka kidogo, kwa hiyo pikapu ya pale inatakiwa iizidi ile ya mbele kwa nguvu kidogo tu, mtu akihama kutoka hii kwenda ile sauti isishtuke. Ile ya dukani ilikuwa ya kupiga kelele na kuimeza mwenzake. Nikamrudishia.

Nikiwa natoka, nani yuko mlangoni? Mwalimu Elia, mwalimu wetu wa kwaya. Na ndugu zangu, sitaficha, nilimshuku huyu kuliko wote. Kila mtu anajua shemeji yake analitaka gitaa la solo.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, Mama Pendo. Nimeambiwa unatafuta pikapu." Akatoa leso mfukoni, ndani yake pikapu nyeusi, haina urembo wowote. "Ya gitaa langu lililovunjika shingo tukitoka kwenye mkutano wa Igalula. Chukua."

"Kwa nini unanipa?"

"Kwani lazima pawe na kwa nini?"

"Lazima. Nikiiweka ikafa Jumapili, nani atapiga solo? Si shemeji yako?"

Nilidhani atakasirika. Akaikunja leso polepole. "Mama Pendo, ningetaka gitaa lako liondoke, ningekaa kimya tu. Kiberiti kimeshaandaliwa. Na shemeji yangu, nakuambia ukweli, anapiga gitaa kama anayekuna nazi. Nimemchoka mimi kabla yenu."

Maneno yalikuwa mazuri. Nami maneno mazuri nilikuwa nimeshayasikia madhabahuni. Nikamwambia, "Turudi ndani tuipime." Akarudi nami bila kununa. Nikaigonga kwa ufunguo, spika ikatoa mgoto mdogo wa mbali, basi. Nikaisogeza mdomoni. "Hodi." Kimya. Nikamwambia mwalimu aimbe ndani yake, naye akaimba kwa besi ile mnayoijua, muuza duka akaziba mdomo asicheke. Kimya. Nikakwaruza kwa ukucha, nikanusa. Nta. Ilinuka kama jiko la mama yangu Ipole siku ya kuchuja. Ndugu zangu, machozi yalinitoka dukani kwa watu.

Tulikwenda kwake, mkewe akiwepo, mwalimu akanipa pasi ya kuyeyushia risasi nikalehemu nyaya mwenyewe. Nikaifunga, nikapima sauti ya mbele na ya nyuma, nikaishusha kidogo kwa bisibisi mpaka zikalingana. Hata hapo bado nilikuwa namtazama mikono.

Jumapili nikaja. Kuni zilikuwa zimepangwa nje, galoni ya mafuta ya taa iko mlangoni. Nikaweka gitaa kwenye meza ileile, nikachomeka waya, nikasema, "Mama, kabla hamjachoma, muulize tena jina lake." Mama Debora akainama akauliza. Kimya. Akauliza tena kwa nguvu, mpaka mate yakadondoka kwenye mbao. Kimya. Nikalichukua, nikavaa mkanda, nikapiga wimbo ambao baba alizoea kutufungulia ibada, kwa pikapu ya nyuma, sauti juu. Haukusikika mluzi wowote.

Nikafungua kinywa niwaeleze. Mama Debora akanitangulia, mikono juu. "Limetoka!" Mkapiga vigelegele vikanifunika.

Halikutoka kitu, ndugu zangu. Kitu kiliingia, tena kwa bisibisi.

Mama Debora, shikamoo yako nimekupa mlangoni na bado ni yako. Sijasimama kusema mapepo hayapo. Yapo. Nasema sauti iliyotoka mle ilikuwa yako, ukamtwika nayo mwanangu. Na ninyi mliosema amina, kila mmoja aitafute amina yake aliyoitoa siku ile aichukue, mimi sitaitunza. Kuni zilizobaki nimepikia maharage.

Namshukuru Mungu aliyeniokoa. Hakuniokoa na gitaa, aliniokoa na ile jioni niliyomwogopa mtoto wangu. Namshukuru kwa Mwalimu Elia, ambaye nilimpima akakubali kupimwa, na tangu Jumapili ile nimeacha kumtazama mikono. Mtumainini Bwana, ndugu zangu, yeye haogopi kupimwa. Anayekukataza kufungua mzigo mlangoni, muulize ndani kuna nini.

Ile pikapu mbovu sikuitupa. Waya nilizozikata nikiitoa nimeziunga, nikaifunga kwenye kopo na kuichomeka kwenye kiamplifaya changu nyumbani. Pendo akiamka anaikimbilia. Anainama juu yake anasema, "Aaa," na spika inamwambia, "Aaa," halafu ananitazama mimi kama anayeuliza umesikia. Bado si neno. Kliniki wanamwangalia masikio, tunakwenda taratibu. Lakini sauti yake iko kwetu, ipo yote, na asubuhi jirani wanalalamika. Aliyesema imemezwa anakaribishwa aje aisikilize.

Ila abishe hodi kwanza.