Cherehani Kilichoomba Cheo

"Msimamizi wa karakana lazima apande ngazi!"

"Ngazi ipi, bosi? Karakana iko chini. Haina hata kizingiti."

"Usinijibu!"

"Si umesema? Nionyeshe hiyo ngazi niipande sasa hivi, na gongo langu hili hili."

"Toka ofisini kwangu!"

Wasikilizaji wapendwa, maneno hayo yalisemwa miaka ishirini iliyopita, katika ofisi ya meneja wa kiwanda cha nguo. Aliyekuwa anafukuzwa ni fundi wa vyerehani. Kiwanda kizima kilimwita Bobini, kwa sababu alizunguka kutwa kama kile kigurudumu cha uzi cha cherehani. Bobini amefariki wiki iliyopita kwa ugonjwa wa figo, akiwa na miaka sitini na mmoja. Leo tunamkumbuka yeye.

Polio ilimkuta akiwa na miaka minne. Ikaondoka na mguu wa kushoto. Gongo likawa mguu wake wa pili, au wa tatu, hesabu mwenyewe.

Dada yake anasema: "Mama alitaka akae ndani asichekwe. Haya, akakaa ndani. Akakifungua cherehani cha mama chote, vipande vimetapakaa sebuleni. Mama alilia kama kafiwa. Kuja kukirudishia, kikashona kuliko zamani."

Kiwandani kulikuwa na vyerehani mia mbili. Bobini alikuwa anasimama katikati ya ukumbi, anafumba macho, anasema, "Kile cha nne dirishani kinakohoa." Wanaenda kukitazama. Kweli, kinaumwa.

Msimamizi wa karakana akastaafu. Bobini akakaimu nafasi yake miaka mitatu. Narudia, miaka mitatu. Kukaimu maana yake kazi unafanya, kiti hupewi. Nafasi ilipotangazwa, Bobini akajaza fomu. Akapewa nani? Bwana mmoja mrefu kutoka idara ya mauzo, ambaye siku ya kwanza aliuliza mafuta ya mashine yanamiminwa wapi. Lakini miguu, jamani! Miguu alikuwa nayo yote miwili. Sifa kubwa hiyo.

Na sheria ya ajira ilikuwepo. Ilisema mwajiri asimbague mtu kwa ulemavu wake, wakati wa kuajiri wala wakati wa kupandisha cheo. Narudia, wala wakati wa kupandisha cheo. Meneja alikuwa ameitundika ofisini kwake, ndani ya fremu, kioo kinang'aa. Yeye hakuisoma. Labda ukuta uliisoma.

Bobini akaenda kumuuliza meneja, akaambiwa habari ya ngazi, akafukuzwa. Basi akaenda kwenye baraza la usuluhishi wa kazi. Mkewe akaenda naye, akakaa benchi la nyuma. Meneja akaja na suti, na tabasamu la kukodi.

"Mheshimiwa mwenyekiti, sisi hatubagui. Sisi ni familia."

Familia! Bosi akianza kusema familia, shika kiti chako kwa mikono miwili.

Mwenyekiti alikuwa mama mmoja wa miwani, asiye na haraka. Akasema, "Sawa. Nisomeeni kumbukumbu za kikao mlichochagua msimamizi."

Akasimama katibu muhtasi wa meneja mwenyewe. Dada wa watu, yeye kazi yake ni kuandika linalosemwa, na aliandika linalosemwa. Akasoma: "Meneja akasema: Hicho hakifai. Kimejaza fomu vizuri, lakini kikipewa karakana kitatutia aibu mbele ya wageni."



Wasikilizaji, mtu ni "huyo". Mtu "hafai", kama kweli hafai. Ukisikia "hicho hakifai", ama ni kiti, ama ni kiatu, ama kuna binadamu ametolewa kwenye utu akatupwa stoo.

Meneja jasho likamtoka hadi kwenye tai. "Mheshimiwa, hapo... hapo tulikuwa tunazungumzia cherehani."

"Cherehani?"

"Ndiyo. Cherehani kibovu. Kilikuwa kinatusumbua."

"Na hicho cherehani kilijaza fomu kwa mkono wa kulia au wa kushoto?"

"Mheshimiwa, ni lugha tu..."

"Mimi nauliza, bwana. Kilipoomba cheo cha msimamizi, kiliambatisha na vyeti?"

Mjane wa Bobini anakumbuka: "Watu walicheka mpaka karani akaangusha mafaili. Nikamgeukia baba watoto. Hakucheka. Alikuwa anamwangalia yule bwana kama unavyoangalia uchafu umeganda kwenye soli."

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Bobini alijikwaa kila siku, akainuka kila siku. Mwenzake alijikwaa mara moja tu, suti na yote.

Baraza likaamua: amebaguliwa, apewe cheo. Narudia, amebaguliwa, apewe cheo. Akaisimamia karakana miaka kumi na tisa, mpaka kustaafu. Akamfundisha kazi hata binti mmoja asiyesikia, aliyekuwa anajua ugonjwa wa mashine kwa kuigusa na kiganja. Wageni wakaja, wakaondoka. Hakuna aliyezimia kwa aibu.

Kwa mjane, kwa dada, kwa watoto watatu na kwa mafundi wote aliowalea, poleni sana. Mungu amlaze pema. Na wewe unayeita watu kwenye usaili huku jibu umeshalificha mfukoni, unayesema "mazingira hayaruhusu", kaa na nafsi yako leo. Mazingira ni nani, kama si wewe?

Tumalizie na asubuhi barua ya baraza ilipofika. Mjane anasema mumewe alimsimulia mara mia. Meneja alimwita ofisini, tabasamu lile lile.

"Kaa, ndugu yangu, kaa. Chai?"

"Nimeshakunywa."

"Sasa haya mambo tuyamalize wenyewe. Tia saini hapa, kwamba ilikuwa kutoelewana tu. Hakuna aliyembagua mtu."

Bobini akaisoma karatasi taratibu, mstari kwa mstari. Akairudisha mezani bila alama.

"Funguo."

"Usiwe na kinyongo bwana, mimi nilikuwa nakukubali siku zote..."

"Funguo za karakana, bosi. Vyerehani sita vimesimama, na akina mama wamekaa bure."

Meneja akavuta droo, akazisukuma juu ya meza. Bobini akazitia mfukoni. Akaegemea gongo, akainuka, akatoka, akafunga mlango.