Bi Lorraine Vandermolen, Aliyewapigia Simu Wahitimu Wote

Ijumaa, tarehe 29 Mei, Bi Lorraine Vandermolen atafunga mlango wa ofisi ya mikopo ya wanafunzi baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya utumishi katika Chuo cha Jamii cha Ziwa Tamarack. Mlango huo nimeubadilishia bawaba mara nne, kwa hiyo najua umefunguliwa kiasi gani. Wenye digrii zao walikwepa kuandika wasifu huu wakisingizia mitihani ya kusahihisha. Ukweli ni kwamba wanaogopa atausahihisha yeye. Mimi, fundi mkuu wa majengo, niliacha shule nikiwa na miaka kumi na sita na nimeona bandari tisa za dunia. Siogopi kalamu ya mtu.

Alianza kama karani wa kupokea fomu, Januari moja ambayo theluji ilifika madirishani. Siku yake ya tatu tanuru la kupashia joto lilikufa. Wenzake wote walikwenda nyumbani. Yeye akahudumia watu ndani ya koti, glavu mkononi, akanituma nimwambie mkuu wa chuo kwamba wino wa kalamu ndio umeganda, si Lorraine.

Sifa yake kubwa ni mgongo wa fomu. Hakuna mwanafunzi aliyetia saini mkopo mbele yake kabla hajageuza karatasi na kuandika, kwa mkono wake mwenyewe, atalipa kiasi gani kila mwezi akimaliza, na kando yake, kiasi hicho kingemnunulia nini. "Usiniandikie dola, baba, dola huzioni," alikuwa akisema. "Niandikie kitu unachokipenda." Mmoja aliandika matairi mawili. Mwingine aliandika kuku wa kukaanga wa familia nzima, Jumapili zote nne. Wapo waliosoma walichoandika wakapunguza mkopo nusu, wakaenda kufanya kazi ya kuchuma matufaha wikendi.

Sasa nifike kwenye ile ya mwaka jana, maana bila hiyo wasifu huu ni supu ya maji.

Februari ya mwaka jana, bodi ya wadhamini ililetewa ripoti kwamba wahitimu wetu wa stashahada ya sanaa, yaani historia, fasihi, falsafa na ndugu zao, hupata dola elfu ishirini na moja tu mwaka unaofuata. Wachomeaji vyuma wetu hupata mara mbili. Bwana Harlan Dykhuis wa bodi, muuza matrekta, mtu mwema mwenye sauti ya honi, alisema hadharani, "Binti yangu anauza aiskrimu na anawazidi! Tunawakopesha watoto wa watu wasome mashairi, halafu tunawaacha na deni." Kura ya kuifuta stashahada ikapangwa Aprili.

Bi Lorraine hakubishana. Alichukua orodha ya wahitimu mia mbili na kumi na wawili wa miaka sita nyuma, akaanza kupiga simu, mmoja baada ya mwingine, saa za chakula cha mchana na kila Jumamosi. Jambo la kwanza aliligundua kabla ya wiki kuisha: zaidi ya nusu ya watu hao, mwaka ule waliopimwa, walikuwa wamehamia chuo kikuu. Walikuwa darasani, wakipanga makopo dukani wikendi. Ripoti ilikuwa imepima mkate ukiwa bado donge la unga.

Marisol Treviño, binti wa wachuma matufaha, alikopa dola elfu nne na mia mbili kusoma historia. Siku hizi anachunguza madai ya bima. "Bi Lorraine, kazi yangu ni kusoma hadithi za watu na kujua nani anadanganya," alimwambia. "Hiyo mlinifundisha hapo hapo." Deni alishalimaliza.

Lakini wapo waliomuuma. Aliwapigia pia walioacha njiani, ambao ripoti haikuwataja kabisa. Kyle Brandsma alikuwa amekopa elfu kumi na saba, akaacha akibakiza masomo matatu. "Umenipigia kunikumbusha nadaiwa?" alifoka. "Hata benki ina haya kuliko wewe!" Bi Lorraine akamjibu, "Benki haijui jina la mama yako, Kyle. Unalipwa kiasi gani?" Kyle akamtajia. Yeye akaandika. Nilikuwa juu ya ngazi nabadilisha taa, nikamwona anavua miwani, anaifuta, kisha anapiga namba iliyofuata.

Mkuu wa kitivo akamshauri awaache nje hao. Hakuna aliyewauliza, na hesabu ingependeza zaidi bila wao. Bi Lorraine aliwaweka ukurasa wa kwanza.

Siku ya kura, Bwana Dykhuis alisoma karatasi mara mbili. "Mama, mbona umenipa fimbo ya kukuchapia?"

"Kwa sababu ni ya kweli, Harlan. Sasa soma imeandikwa nini juu ya fimbo."

Ilikuwa imeandikwa hivi: waliomaliza, miaka sita baadaye, mtu wa katikati ya orodha hupata karibu elfu arobaini na nne, kwa deni la elfu sita na mia nane. Si utajiri, lakini deni linalipika. Walioacha hupata elfu thelathini na moja na wanadaiwa zaidi ya elfu tisa. "Mashairi hayajamfilisi mtu," Bi Lorraine aliwaambia wajumbe. "Kinachowafilisi ni kukopa pesa nyingi na kuishia njiani. Mkiifuta stashahada, mtakuwa mmewaacha wote njiani."

Kura nne kwa tatu, stashahada ikabaki. Ya nne ilikuwa ya Dykhuis, naye akadai mambo mawili: mgongo wa fomu uwe sheria ya chuo, na chuo kilipie masomo ya mwisho ya kila aliyebakiza matatu au pungufu. Wa kwanza kupigiwa simu alikuwa Kyle. Tarehe 9 mwezi huu alipita jukwaani na joho lake, na mimi niliyepanga viti elfu moja na mia mbili nakiri kwamba nilimtazama yeye hadi nikapoteza hesabu ya viti vilivyobaki wazi.

Bi Lorraine, kwa niaba ya walimu, makarani, wapishi na sisi wa ngazi na mabomba, asante. Hukumuuzia mtu ndoto, wala hukumnyang'anya. Nenda ukapumzike kwa dada yako huko kaskazini, ulale mpaka jua likuchoke, na afya isikupige chenga. Maisha yako yawe mema, mama, kwa kipimo kile kile ulichotupimia.