Dayang Kesumba, Aliyeikataa Sanda ya Kampuni

Ndugu mliotembea kutoka milimani, nanyi mliopanda mto kwa mitumbwi, ahsanteni kwa kufika. Maneno haya yameandikwa na Malin Itam, ndugu mdogo wa marehemu, yasomwe kabla kaburi halijafukiwa, ili wajukuu wasije wakasimuliwa habari za bibi yao na watu ambao hawakuwepo.

Marehemu Dayang Kesumba binti Malin Kayo alizaliwa mwezi wa Shaabani, mwaka 1069 wa Hijra, hapa hapa Muara Tebat, katika nyumba ya mama yake, mto Tembesi ukiwa umefurika mpaka kwenye ngazi. Alikuwa mtoto wa kwanza. Mkunga alisema mtoto ametoka na ngumi zote mbili zimekunjwa, na alipojaribu kuzikunjua, mtoto akazikunja tena. Wengi wenu mliowahi kubishana naye mtaamini.

Kurani aliisoma kwa baba yake, akahitimu mwaka 1080. Kuandika hakupenda, alisema herufi zinamkimbia. Elimu yake nyingine aliipata kwa bibi, mama wa mama yake, mzee pekee kijijini aliyekuwa bado anajua kufuma. Kitanda cha kufumia cha bibi kilikuwa kimetupwa chini ya nyumba na kuku wanalala juu yake, kwa sababu siku zile nani afume? Nguo zilikuja na mto.

Hapo vijana lazima waelezwe kidogo. Sultani alikuwa amefunga mkataba na Kampuni ya Waholanzi, kwamba pilipili manga yote ya huku juu iende kwao, kwa bei yao, na nguo zote zitoke kwao. Kila nyumba iliamriwa kupanda. Mpunga ukasukumwa porini, pamba ikasahauliwa. Ukitaka sarungi, shusha pilipili. Ukitaka chumvi, shusha pilipili. Na ukitaka kufa pia ilikuwa hivyo hivyo, kwa maana sanda ilikuwa kitambaa cheupe kutoka kwenye ghala la Kampuni, huko chini mtoni.

Mwaka 1081 mama yake alifariki kwa homa. Mwaka ule Waholanzi na watu wa Sultani walikuwa wanavutana juu ya bei, mto umefungwa, mashua za nguo hazikupanda. Nyumba ilijaa magunia ya pilipili mpaka wanaoosha maiti walikuwa wanapiga chafya, na kitambaa cha kumsitiri hakuna. Malin Kayo alivua kilemba chake. Jirani akaleta sarungi iliyochakaa, na mwingine nusu ya pazia. Vikaungwa vipande kwa vipande, na mama akazikwa hivyo. Binti alisimama pale mlangoni, umri wake miaka kumi na miwili, akatazama yale magunia.

"Baba, hii pilipili inaliwa?"

"Inaungiwa mchuzi tu, mwanangu."

"Inavaliwa?"

Baba yake akajipapasa kichwa kisicho na kilemba.

"Basi kazi yake nini humu ndani?"

Kuanzia siku hiyo alisema yeye hatazikwa na nguo ya kununua, na mtu wake yeyote hatazikwa na viraka. Watu walidhani ni uchungu wa msiba, utapita. Haukupita. Aliwafukuza kuku, akakisugua kile kitanda kwa mchanga wa mto, na bibi akamfundisha mpaka vidole vikaota sugu.

Mwaka 1087 aliolewa na Kulup Bidin, mchukuzi wa njia za milimani, mtu mpole aliyependa samaki wa patin wa kupikwa kwa duriani iliyochacha kuliko alivyopenda maneno. Alihamia nyumbani kwa mke kama ilivyo desturi yetu. Usiku wa harusi, inasemekana, bibi arusi alimwuliza kama huko milimani bado kuna mbegu za pamba. Kulup alizoea kuwachekesha wachukuzi wenzake kwa kisa hicho: "Wenzangu mliulizwa dhahabu, mimi nimeulizwa mbegu!" Lakini safari iliyofuata alizileta, zimefungwa kwenye kona ya kilemba.

Walijaliwa binti mmoja, Upik Selasih, huyu aliyekaa hapa mbele.

Kazi ya marehemu inajulikana. Mwaka 1092, shamba la mama yake lilipokwisha kuwa mikononi mwake, alichukua parang, panga la huku kwetu, akakata mipilipili manga yote, mchana kweupe, siku ambayo mashua ya Jenang Wira ilikuwa inafunga gatini. Jenang ndiye aliyekuwa mtu wa Sultani wa kukusanya pilipili, mnene, mwenye sauti ya kengele, na si mtu mbaya ukimkuta ameshiba. Alipanda mpaka shambani akihema.

"We mama! Nani amekata?"

"Aliyeshika parang ni nani, Bwana Jenang?"

"Unajua kwamba upo mkataba?"

"Nimeusikia. Shamba hili ni la nani?"

Jenang akageuka kuwatazama wazee. Wazee wakatazama miguu yao. "La mama yako," akasema.

"Na kabla yake la mama yake. Basi aliyelitia kwenye mkataba amemwuza nyati wa jirani. Mwambie amrudishie mnunuzi chake."

Watu walicheka, na kicheko kile kiligharimu. Jenang alishuka na chumvi yake yote, akasema Muara Tebat haitaonja hata chembe mpaka mipilipili irudi. Ulikuwa msimu mgumu. Samaki waliharibika, wali ukawa hauna ladha, watoto wakalamba majivu. Wanawake waliokuwa wakimwita dada wakaanza kumwita "yule". Mmoja alimwambia kisimani, "Kula pamba yako basi, yule!" Yeye akajibu, "Nitaila nikishaivaa," akajitwika mtungi, akaenda zake. Lakini nyumbani alilia. Kulup ndiye aliyeona. Alfajiri alifunga mzigo wa nguo alizofuma mkewe, akaondoka na njia ya milimani kuelekea pwani ya ng'ambo, ambako chumvi haikuwa ya Jenang. Aliporudi mgongo umechubuka, ana chumvi. Marehemu hakuifungia ndani. Alipita nyumba kwa nyumba, akaanza na yule wa kisimani, akamwachia chumvi kwenye kifuu, na mbegu juu yake.

"Za nini hizi?"

"Chumvi ni ya leo. Mbegu ni za mwakani."

Mwaka uliofuata mipilipili ilikatwa katika nyumba saba. Baada ya hapo hakuna aliyehesabu tena.

Nguo ya kwanza iliyokuwa nzuri kweli aliifuma kuwa sanda yake mwenyewe, vipande vitano kama inavyompasa mwanamke, akaiweka kwenye kasha pamoja na mizizi ya akarwangi inayonukia. Akasema hiyo haiguswi. Iliguswa. Mwaka 1105 Kulup Bidin alirudi kutoka milimani na homa, akafariki hapa nyumbani, na marehemu akafungua kasha akamvika mumewe vipande vitatu. Akafuma tena. Mwaka 1112 Jenang Wira alikuwa ameshaondolewa kazini, mzee na mgonjwa, na alikuja kufia kwa binti yake Halus, aliyeolewa hapa kwetu. Hakuwa na kitu. Watu walitazamana nani aanze kusema. Marehemu akaenda kwenye kasha.

"Dada," akaambiwa na ndugu yake Malin Itam, "huyu si ndiye aliyetunyima chumvi?"

"Ndiye. Na leo akizikwa na kitambaa cha Kampuni, watakuwa wamempata hai na maiti. Mpishe apite."

Akafuma tena, na tena akatoa. Kila sanda ya kasha lile ilikwenda kwa mtu mwingine. Ya mwisho alimpa mke kijana aliyefariki kwa uzazi mwezi wa Ramadhani uliopita. Wakati huo macho yake yalikuwa yamekwisha ingia ukungu, na vidole havikuweza tena kushika uzi.

Alianza kuugua siku chache baada ya Idi Kubwa, kifua na miguu kuvimba. Ndipo mashua ya wakala mpya wa Sultani ikafika, na amri mpya kwamba mipilipili irudi mashambani. Alileta pia jora la kitambaa cheupe, laini, kizuri kwa kweli, akasema ni zawadi kwa bibi mgonjwa. Upik Selasih, kwa hofu ya mtoto kwa mzazi, alimwambia, "Mama, kasha halina kitu. Tukipokee tu, Mungu anajua nia."

"Kipokee. Nikizikwa nacho nitatoka, nitakuja kulala katikati yenu."

Kilirudishwa mashuani, kwa heshima zote.

Basi tangu siku ile, wale mliolala karibu mlisikia. Vitanda vya kufumia vilianza kugonga katika nyumba tano, kila nyumba kipande kimoja, na wafumaji walipokezana ili visinyamaze. Marehemu naye alisikia.

"Wanafuma nini wale?"

"Nguo za Idi, mama," akasema Upik.

"Idi imepita." Akasikiliza. "Mwambie yule wa tatu apunguze hasira. Anagonga kama anamchapa mtu."

Wa tatu alikuwa Halus, binti wa Jenang. Alipofikishiwa ujumbe alicheka huku machozi yanamtoka, na hakupunguza.

Dayang Kesumba alifariki jana Jumanne, tarehe tisa Mfunguo Nne, mwaka 1139, baada ya sala ya alasiri, mkono wake ukiwa kwa binti yake. Wakati huo kitanda kimoja tu kilikuwa bado kinagonga, nacho kilinyamaza kabla ya magharibi. Ameoshwa asubuhi hii na kuvikwa vipande vyote vitano. Rangi zake hazikulingana, kwa sababu pamba ya mashamba matano haifanani, na kipande cha tatu ni kigumu kidogo.

Ameacha binti mmoja, Upik Selasih, wajukuu wanne, ndugu yake mdogo Malin Itam, na kitanda cha bibi ambacho bado kinafanya kazi. Ameacha pia mashamba yenye pamba kutoka gatini mpaka chini ya mlima. Wakala wa Sultani yuko nasi hapa mazikoni, amekaribishwa, na atakula wali nasi. Anasubiri jibu la wanawake wa Muara Tebat kuhusu mipilipili. Kabla hatujafukia, asogee hapa atazame ndani ya kaburi. Jibu marehemu amelivaa.

Ewe Mola, mpokee mja wako, na alale kwa utulivu katika nguo ya kwao.