Kikohozi cha Mama Adolphine

Kapata, kambi ya wafanyakazi wa kiwanda, 1993. Benchi yetu ilikuwa ubao juu ya mapipa mawili, mbele ya nyumba ya Tata Stany, na kahawa ilikuwa ya Abibu, aliyekuwa akichemsha machicha yaleyale mpaka yaone haya. Kiwanda kilikuwa kinajifia polepole. Stany bado alikwenda kufunga mabomba yenye joto kali kwa amianti, yaani asbesto, zile nyuzi nyeupe zisizoungua, lakini mshahara ulikoma, na sabuni ya kampuni pia. Salopeti yake, ile ovaroli ya kazi, haikufuliwa tena, ilikung'utwa tu ukutani. Majirani zetu wa Kasai walikuwa wamefukuzwa mkoani kwa kabila lao, wanasubiri treni stesheni. Na Adolphine, mke wa Stany, ambaye hakuwahi kuvuka lango la kiwanda hata siku moja, alikohoa ndani mpaka tukashindwa kubishana kwa raha.

— Bakasai njo balimuloga, akasema Mukalay, tuliyemwita Redio kwa sababu hazimiki.

— Alianza kukoola kikohozi hiki mbele ya babafukuze, akasema Abibu.

— Shi balipanga mbele ya safari? Bale batu bako na akili.

Ngoy, aliyeitwa Profesa kwa kurudia darasa la tatu, akakohoa kidogo kwa heshima.

— Haiko bulozi. Ni mwezi. Bazungu balikanyaga kule, vumbi ingali inashuka. Inapata banamuke juu ya bo njo banashinda inje.

— Na bibi yako? Abibu akauliza, maana mke wa Profesa hakohoi.

— Ule analalaka sana.

Tulicheka. Stany hakucheka.

— Vumbi, vumbi. Mi niko mu vumbi miaka yote, sikooli. Kama iko mubaya, ingeanza na mi.

Hilo lilitutosha wote. Nami nilitikisa kichwa kukubali, kama mjinga mwenzao.

Ndipo akaja Mama Mbombo kutoka stesheni, kurudisha sufuria ya Adolphine kabla treni haijamchukua. Mkasai huyo; mumewe alifunga mabomba pamoja na Stany. Redio akaanza kuchunguza kikombe chake. Mama Mbombo akashika ukingo wa benchi, akakohoa. Kilikuwa kikohozi kilekile cha mle ndani, kikavu, kisicho na mwisho.

— Nimesikia, akasema alipopata pumzi. Basi mi, nani alinilogaka?

Redio, kwa mara ya kwanza tangu tumjue, alizimika. Profesa akatazama juu, lakini ilikuwa mchana na mwezi haukuwepo.

— Tata Stany, akasema tena Mama Mbombo, taratibu. Mi nilikung'utaka ya bwana yangu, yeye yako. Adolphine hawezi tena kusimama. Salopeti yako, nani anaikung'uta sasa?

Nyuma ya nyumba tukasikia paf, paf, na mtu akiimba. Vumbi jeupe likapita juu ya ua na kutua kwenye kahawa.

Stany aliinuka kwa nguvu hata ubao ukapinduka, Profesa akaanguka, na hakuna aliyemcheka.

— Abigaëlle, acha.

— Inakaribia kuisha, tata, akajibu binti yake.