Mama Sabine na Jembe la Siku ya Tatu

Ndugu waombolezaji, wachungaji na mashehe, majirani wa mitaa yote ya Rumonge, na ninyi mliovuka ziwa ili kumzika mama yetu pamoja nasi, amahoro, amani iwe kwenu nyote. Familia inawasomea maisha ya Mama Sabine binti Mulamba kama alivyoyasimulia mwenyewe, maana alitukataza kumsifu kwa jambo ambalo hakulifanya, na vilevile alitukataza kuficha lolote alilolifanya, kwa hiyo mtuvumilie tukichukua muda kidogo.

Marehemu alizaliwa hapa Rumonge tarehe 14 Machi 1943, mtoto wa nne wa Mzee Mulamba, aliyetoka Kivu ya Kusini kuja kufanya kazi ya mawese, na Mama Marguerite, muuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, kutoka Gitaza. Alianza shule ya misheni mwaka 1950, akamaliza darasa la sita mwaka 1956, kisha akapelekwa Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, kusomea ushonaji kwa miaka miwili, akarudi na cheti, na cherehani, na mdomo ambao baba yake alikuwa akisema kwamba huo hakuulipia minerval, yaani karo. Tangu Januari 1959 alifundisha watoto kusoma katika shule ya kanisa letu, na wako wazee hapa leo, tena wenye mvi, ambao bado wanakumbuka fimbo yake ya mchongoma.

Uhuru ulipopatikana, tarehe 1 Julai 1962, ngoma zililia hapa hadi wapigaji wakachoka, na vijana wa wakati ule waliona kwamba hakuna mzigo duniani wasioweza kuubeba. Mchungaji alipotafuta watu wa kujitolea kwenda kuhubiri na kufundisha huko ng'ambo, kwenye milima ya Ubwari, ambayo sisi wa Rumonge tumezoea kuiita kisiwa ingawa ina shingo inayoishika kwenye nchi ya Kongo, Sabine alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Waliondoka Jumatatu, tarehe 9 Julai, wakiwa vijana wanane, wakiongozwa na mwinjilisti Casimir Lukeba, kijana wa shati jeupe na kiatu cha kung'aa, na mashua ilijaa chumvi, nguo kuukuu na sabuni, kana kwamba wanakokwenda watu hawajawahi kuona maji. Walipofika kijiji cha Mutambwe waliwakuta kina mama wakifua nguo kwa sabuni ileile, iliyonunuliwa sokoni Rumonge.

Siku ya kwanza walikula samaki hadi wakashindwa, siku ya pili vivyo hivyo, na Casimir akamshukuru Mungu kwa sauti kubwa kwa ajili ya ndugu hawa wa kisiwani waliotengwa na dunia, watoto wakacheka, kwa sababu baba zao walikuwa wametoka sokoni Baraka, mji wa bara, kwa miguu siku iliyotangulia. Asubuhi ya siku ya tatu, Bibi Zuwena, dada wa mkubwa wa kijiji, mwislamu wa swala tano, alifika mbele ya wageni akiwa na majembe manane, akayapanga chini, akasema, "Kwetu mugeni ni siku mbili, ya tatu tunamupa jembe."

Wenzetu wanaojua Kiswahili wanajua kwamba hiyo ni methali, lakini wageni wetu walikuwa hawajawahi kuona methali ikiletwa na mpini wake. Casimir alikasirika, akaona kanisa zima limetukanwa, akajibu kwamba wao walikuja na Neno, hawakuja kulima. Bibi Zuwena alimwambia kwa upole, "Neno ni muzuri, baba, lakini halipikwi ku chungu." Sabine alijifunga kitenge vizuri, akachukua jembe, akafuata kina mama shambani, na wengine wakamfuata yeye, na Casimir akabaki kivulini akitayarisha mahubiri ambayo hayakupata hata msikilizaji mmoja, kwa kuwa kijiji kizima kilikuwa kwenye muhogo. Siku ya nne aliomba jembe mwenyewe. Mama alipenda sana kusimulia kwamba hapo ndipo alipoanza kumtazama vizuri, na kwamba Casimir alilima vibaya kuliko mtu yeyote ambaye yeye Mama alipata kumuona.

Walikaa huko hadi mwisho wa Agosti, asubuhi wakilima na jioni wakifundisha kusoma, na siku ya kuagana Sabine alipotaka kurudisha jembe, Bibi Zuwena alilichukua, akalichomeka kwenye dari ya nyumba yake, akamwambia kwamba hilo ni lake na litamsubiri pale.

Marehemu alifunga ndoa na Casimir Lukeba hapa Rumonge tarehe 8 Agosti 1964, na Mungu akawajalia watoto watatu, Généreuse mwaka 1965, Bora mwaka 1967 na Cikuru mwaka 1970. Ilikuwa nyumba ya kelele na ya furaha, na hakuna aliyepita mlangoni pao bila kuitwa aingie ale.

Mwisho wa Aprili 1972 mauaji yalifika Rumonge, na juu ya mauaji hayo yakaja mengine, na ninyi mliokuwepo hamhitaji kusomewa. Tarehe 3 Mei, alfajiri, Casimir aliwapandisha mkewe na watoto kwenye mtumbwi wa jirani yao, Radjabu mvuvi, pamoja na majirani wengine waliojibana humo, kisha yeye akarudi kumchukua mama yake mzazi. Hatukumuona tena, wala yeye wala bibi yetu, mama yake. Katika historia kama hii kila jambo hupewa tarehe yake na mahali pake, lakini kwa baba yetu Casimir hatuna tarehe, na hatuna kaburi, na jambo hilo linatuuma hadi leo.

Mtumbwi ulifika Mutambwe alasiri, ukakuta wanaume wamejipanga ufukweni na mikuki na mawe, kwa maana watu wenye silaha walikuwa wamepita hapo kwa maji wakapora, na kijiji kilikuwa kimeapa kwamba hakuna tena chombo kitakachotia nanga. Mawe yalianza kuanguka majini, watoto wakalia, Radjabu akaanza kugeuza, na nyuma yao hapakuwa na mahali pa kurudi. Ndipo Mama Sabine aliposimama katikati ya mtumbwi, mtoto mgongoni, akapaza ile sauti yake ya darasani, "Mama Zuwena! Ni mimi Sabine! Nimekuja kuchukua jembe yangu!"

Mikono yenye mawe ilisita. Bibi Zuwena alitoka, akatazama, akarudi ndani, na wote wakangoja, kisha akaja na jembe lile, lenye masizi ya miaka kumi, akaingia nalo ziwani hadi magotini, akawageukia watu wake, "Huyu si mugeni. Mugeni hana jembe hapa." Mmoja akauliza, na hawa wengine je, naye akajibu, "Hao ni wageni. Wakule siku mbili, ya tatu tutawapa majembe."

Ndivyo walivyopona. Mama aliishi Mutambwe akilima na kufundisha hadi alipojenga tena hapa kwetu mwaka 1978, akarudi na watoto wake na jembe lake, akaanzisha kikundi cha kina mama tunachokiita Siku ya Tatu, na kila aliyefika Rumonge bila kitu, awe anatoka Kongo au anarudi kutoka Tanzania, alilishwa siku mbili bila maswali, na ya tatu akapewa jembe na kipande cha shamba. Wapo waliokasirika, kama Casimir, na wapo leo hapa wakiwa wenye mashamba.

Ugonjwa wa moyo ulianza kumsumbua mwezi Machi 2010, akatibiwa hospitali ya hapa Rumonge, na Jumatano tarehe 19 Oktoba 2011, saa nne asubuhi, alitutoka, akiwaacha watoto watatu, wajukuu kumi na mmoja na vitukuu wawili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani waliokesha nasi, walimu wenzake, kina mama wa Siku ya Tatu, na watoto wa marehemu Radjabu. Tunamshukuru pia Chausiku, mjukuu wa Bibi Zuwena, aliyevuka ziwa Alhamisi. Leo ni Jumamosi, siku yake ya tatu kwetu, na asubuhi hii kabla hatujaamka vizuri alikuwa amekwisha kulitoa jembe lile la Mama nyuma ya mlango, bila kuambiwa na mtu, akaenda kupiga udongo wa kwanza wa kaburi.

Mama Sabine, huko uendako hufiki kama mgeni. Tua jembe sasa, mama yetu, upumzike kwa amani.